Unyayo unaning'inia: ripoti inasema mzizi wa L5 mgongoni, mimi naona neva imebanwa gotini. Nisaidieni kuisoma

TibaViungo_Nakuru

Habari zenu wataalamu. Naomba macho zaidi kwenye ripoti moja ya mwendo wa neva na EMG (kipimo cha umeme wa misuli kwa sindano) kabla mgonjwa hajaanza kuuza mbuzi wake kutafuta pesa za MRI ya mgongo.

Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa viazi upande wa Molo. Alishinda siku mbili amechuchumaa akichambua viazi vya mbegu. Kesho yake alipoamka unyayo wa kulia ukawa hauinuki, kidole gumba kinakwaruza sakafu akitembea. Mgongo haumuumi. Nguvu ya kuinua unyayo ni 2 kwa 5 (5 ni kawaida), kuugeuza nje 3 kwa 5, kukanyagia chini 5 kwa 5. Ganzi iko juu ya unyayo na sehemu ya chini ya muundi kwa upande wa nje. Alipimwa siku ya 16, saa mbili asubuhi, Julai hii.

Mguu wa kulia:

Neva ya peronia (inayopita upande wa nje wa goti), elektrodi kwenye ekstensa dijitoramu brevisi (kale kamsuli ka juu ya unyayo): kifundoni 0.9 mV, chini ya kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa nje ya muundi) 0.8 mV, juu yake 0.3 mV. Kasi ya muundini 38 m/s, kuvuka kichwa cha fibula 24 m/s.
Neva hiyohiyo, elektrodi kwenye tibialisi anteria (msuli wa mbele ya muundi unaoinua unyayo): chini ya kichwa cha fibula 4.2 mV, juu yake 1.3 mV.
Peronia ya juujuu, hisia: 4 µV.
Neva ya tibia: 8.6 mV, 37 m/s, wimbi F (umeme unaopanda hadi uti wa mgongo na kurudi) 58 ms.
Surali (neva ya hisia ya nyuma ya muundi): 15 µV, 36 m/s.
Sindano: tibialisi anteria ina fibrilesheni (mapigo ya nyuzi za msuli zilizokatikiwa neva) 2+, na akikaza zinaonekana yuniti (neva moja na nyuzi za msuli inazoendesha) mbili tatu tu zinazopiga mara 25 kwa sekunde. Peroneasi longasi (msuli wa nje ya muundi) 1+. Tibialisi posteria (nyuma ya muundi) na gluteasi midiasi (msuli wa nyonga) safi, hata wakati wa kukaza. Misuli ya kando ya uti wa mgongo haikuguswa.

Hitimisho lao: "Radikulopathi ya L5 kulia, pamoja na polineuropathi inayoanza." Yaani mzizi wa neva ya tano ya kiuno umeumia, na neva nyingi kwa pamoja zimeanza kuugua.

Hiyo L5 imetoka wapi? Na hiyo 0.9 mV ina maana aksoni (nyuzi ndefu za seli za neva) karibu zote zimeshakufa? Nahitaji kujua nimwambie nini kuhusu kupona.

Elektrodi_Kisumu

Dada, weka L5 kando kwanza. Ripoti imeandika joto la ngozi ya mguu? Tafuta kwenye kona ya ukurasa, huwa wanaliandika kwa herufi ndogo kama mtu anayeficha deni.

Nauliza kwa sababu ya mstari wa surali. Kasi 36 m/s iko chini, kikomo kwenye maabara nyingi ni 40. Lakini kimo cha wimbi ni 15 µV, na kuanzia 6 tunahesabu ni sawa. Polineuropathi ya kawaida ya kisukari, ya pombe au ya isoniazidi bila vitamini B6 inakula aksoni kuanzia vidoleni. Hiyo ingeshusha kimo cha surali mapema, na kasi ingebaki karibu na kawaida. Hapa mambo yamegeuka: kasi imeshuka, wimbi limesimama wima. Hiyo ni sura ya mguu wa baridi. Neva ikipoa, milango ya sodiamu inachelewa kufunga, kwa hiyo kila wimbi linakuwa refu, pana na la polepole. Ugonjwa haukupi wimbi kubwa hivyo.

Kila nyuzi moja ya joto ikishuka, kasi hupungua kama mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde, na latensi ya mwisho (muda kutoka uchochezi wa mwisho kabisa hadi wimbi) huongezeka kama 0.2 ms. Mguu unatakiwa uwe angalau nyuzi 30 au 31 kwenye ngozi, mkono 32. Huku Kisumu tunasahau jambo hili mpaka siku kiyoyozi kimewashwa tangu asubuhi. Nakuru ya Julai, na mtu katoka Molo na matatu ya alfajiri akiwa amevaa ndala, hapo hakuna kisingizio cha kusahau.

Na upande wa kushoto je? Ripoti ya unyayo unaoning'inia bila mguu wa pili ni nusu ripoti.

TibaViungo_Nakuru

Nimeipata. Kona ya chini: nyuzi 27.4. Na kumbe kulikuwa na ukurasa wa pili ambao mgonjwa aliuacha nyumbani, ameutuma kwa WhatsApp.

Kushoto: ekstensa dijitoramu brevisi 1.1 mV kifundoni, 1.0 juu ya goti. Tibialisi anteria 5.0 mV chini, 4.8 juu. Peronia ya juujuu 11 µV. Surali 14 µV, 37 m/s. Tibia 38 m/s.

Elektrodi_Kisumu

Basi polineuropathi imeisha hapo. Kutoka 27.4 hadi 31 ni nyuzi 3.6, hata ukikadiria mita 2 kwa kila nyuzi, 36 inakuwa 43, na tibia ya 37 inakuwa 44. Wimbi F la 58 nalo (kikomo ni kama 56) linavutwa na baridi hiyohiyo. Miguu yote miwili imelingana kwa sababu yote miwili ilikuwa na baridi.

Lakini hesabu hii ni ya kusomea ripoti ambayo tayari imefanyika. Usiitumie badala ya kupasha mguu moto. Anayerudia kipimo aweke miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, dakika 10 hadi 15, aikaushe kabisa, halafu apime joto tena na angoje kidogo. Ngozi hupata joto kabla ya neva iliyo chini yake, ukikimbilia kipimo unasoma ngozi moto na neva baridi. Mgonjwa mwenye ganzi asipewe maji ambayo wewe mwenyewe hujayajaribu kwa kiwiko. Ameungua mtu asijue.

SindanoNaMisuli (Eldoret)

Mwenzangu wa Kisumu ameshaondoa takataka, sasa tubaki na kidonda chenyewe.

Angalia tibialisi anteria, achana na kale kamsuli ka unyayoni. Ekstensa dijitoramu brevisi huisha kwa viatu vya kubana, kwa umri na kwa miaka ya kukanyaga shambani; kushoto kwenye mguu mzima pia ni 1.1. Kwa hiyo 0.9 ya kulia haisemi lolote kuhusu ajali hii. Na isitoshe, msuli unaomfanya akwaruze sakafu ni tibialisi anteria. Pima msuli ambao mgonjwa anaulilia.

Ukichochea chini ya kichwa cha fibula unapata 4.2 mV. Ukisogea juu ya hapo, sentimita kama 10, unapata 1.3. Asilimia 69 ya wimbi imepotelea katikati. Kushoto safari hiyohiyo inapoteza 0.2 tu. Hicho ni kizuizi cha upitishaji: aksoni ziko hai chini, lakini ganda la mayelini limebanwa pale neva inapozunguka shingo ya fibula, na umeme haupiti. Kasi nayo inasema hivyohivyo: 38 muundini, 24 kuvuka mfupa, pengo la mita 14. Tukiona pengo linalozidi 10 tunashtuka. Baridi haiwezi kulaumiwa kwa pengo hilo, maana goti huwa na joto kuliko kifundo. Ingekuwa baridi, muundi ndio ungechelewa zaidi.

Kisha hisia. Peronia ya juujuu 4 µV kulia, 11 kushoto. Chini ya nusu ya upande wa pili ni kasoro hata pale namba yenyewe ingekuwa juu ya kikomo. Hapa ndipo L5 inapoangukia. Seli za neva za hisia zinakaa kwenye ganglioni ya mzizi wa nyuma, na diski kwa kawaida hubana mzizi kabla ya ganglioni hiyo, upande wa uti. Mgonjwa anahisi ganzi, lakini aksoni kutoka kwenye ganglioni hadi unyayoni bado imeshikamana na mama yake, kwa hiyo wimbi la hisia linabaki zima. Likishuka, jeraha liko nje ya ganglioni: plekisi (mtandao wa neva nyongani), siyatiki (neva kuu ya mguu) au peronia yenyewe.

Nadhani mwandishi wa ripoti aliona fibrilesheni kwenye tibialisi anteria na peroneasi, akakumbuka kwamba yote miwili ni ya L5, akafunga faili. Ni kweli ni ya L5. Lakini yote miwili pia ni ya peronia! Kinachotenganisha ni misuli ya L5 inayopitia njia nyingine: tibialisi posteria kupitia tibia, gluteasi midiasi kupitia neva ya juu ya gluteasi. Yote miwili safi.

Kakamega_Neuro

Nakubali kwa sehemu kubwa, ila tusiharakishe kwenye neno "safi". Siku ya 16 ni mapema. Fibrilesheni hufuata umbali kati ya jeraha na msuli: misuli ya kando ya uti siku 10 hadi 14, misuli ya paja wiki 2 hadi 3, muundi wiki 3 hadi 4, unyayo hata 5 au 6. Tibialisi posteria isiyo na fibrilesheni siku ya 16 haiwezi kuiondoa L5 peke yake. Ndiyo maana kuacha misuli ya kando ya uti bila kuigusa ni kosa hapa. Ndiyo ingesema mapema. Na hata wimbi la hisia lina mwanya wake: ganglioni ya L5 kwa watu wengine imekaa ndani ya mfereji, diski ikaifikia. Ni nadra, lakini ipo.

Tena, nani amechoma bisepsi femorisi kichwa kifupi? Ni msuli pekee juu ya goti unaolishwa na upande wa peronia wa siyatiki. Sindano ya matakoni iliyochomwa vibaya hupenda kugonga upande huohuo, na mgonjwa huja na unyayo ulioanguka kana kwamba ni goti.

SindanoNaMisuli (Eldoret)

Daktari, hoja ya wakati ni ya haki, lakini igeuze uione upande wa pili. Kama jeraha lingekuwa mgongoni, tibialisi anteria isingekuwa na fibrilesheni 2+ siku ya 16 huku gluteasi midiasi, iliyo karibu zaidi na mzizi, ikiwa kimya. Fibrilesheni zilizowahi hivyo muundini zinasema jeraha liko jirani.

Pia uitikiaji wa yuniti haungoji wiki tatu. Aksoni zikikatika au kuzibwa leo, leo hiihii mgonjwa akikaza utaona yuniti chache zinazokimbia. Yuniti ya kwanza kwa kawaida ikifika 10 kwa sekunde inaita ya pili. Ukiona moja inakimbia 25 peke yake, wenzake hawapo. Tibialisi posteria ilikaza kawaida. Dada anaweza kulithibitisha bila mashine: amwinulie mgonjwa unyayo kwa mkono wake mpaka nyuzi 90, kisha amwambie augeuze ndani. Asipouinua kwanza, msuli huo utaonekana dhaifu hata kama ni mzima, kwa kuwa unyayo ulioning'inia haumpi pa kushikia.

Kichwa kifupi cha bisepsi, nakubali, kichomwe. Vidole vinne juu ya kichwa cha fibula, kando tu ya kano la kichwa kirefu kwa upande wa ndani. Mgonjwa akunje goti kidogo.

Elektrodi_Kisumu

Naongeza la mkono wa mpimaji, kwa sababu kizuizi cha 69% kinaweza pia kutengenezwa na uzembe. Juu ya goti neva imezama kwenye mafuta kidogo. Mpimaji akiishia mA 30 (miliampea za umeme wa kuchochea) kwa sababu chini zilitosha, atapata wimbi dogo la uongo. Aongeze mpaka wimbi likome kukua, kisha azidishe asilimia 20 hivi. Akizidisha kupita kiasi, umeme unarukia tibia jirani na wimbi linakuwa la misuli mingine. Macho yawe kwenye unyayo, si kwenye skrini peke yake: unyayo ukiinuka ni peronia, ukikanyaga chini ni tibia. Na wimbi likianza kwa kuzama kabla ya kupanda, umepotea.

Kuna mtego mwingine, ambao hapa haupo ila utakutana nao. Ukiona ekstensa dijitoramu brevisi inatoa wimbi kubwa zaidi gotini kuliko kifundoni, usiseme mashine imeharibika. Ni tawi la ziada la peronia linalopita nyuma ya kifundo cha nje. Chochea hapo nyuma, utapata kile kipande kilichokosekana.

Hisia nazo: peronia ya juujuu ya 4 µV iangaliwe imechukuliwaje. Elektrodi kati ya kano la tibialisi anteria na kifundo cha nje, uchochezi upande wa nje wa muundi, sentimita 12 au 14 juu yake, wastani wa mapigo 10. Ukikosea sentimita moja pembeni, wimbi linayeyuka. Mistari ikijaa mvumo wa stima, chomoa chaja za simu ukutani, zima taa za mirija, na waya wa ardhi uwe kati ya kichochezi na elektrodi za kupokelea.

TibaViungo_Nakuru

Asanteni sana, hata nimepata kuelewa kwa nini walikosea. Sasa kupona. Na kuna kitu kingine cha kutafuta kabla ya kulaumu viazi?

SindanoNaMisuli (Eldoret)

Habari ni njema kuliko ulivyodhani. Wimbi la chini ya jeraha ndilo linalohesabu aksoni zilizobaki, mradi siku zimepita za kutosha. Aksoni iliyokatika huendelea kupitisha umeme chini ya jeraha kwa siku chache. Ya msuli huisha ndani ya wiki moja, ya hisia kwenye siku ya 10 au 11. Angepimwa siku ya tatu tungedanganyika. Siku ya 16 hesabu inasimama: 4.2 kwa 5.0 ni asilimia 84. Kwa hiyo zilizokufa ni kama moja kwa sita. Waliobaki wengi wamezibiwa njia tu.

Juu ya goti linalofika ni 1.3 kwa 5.0, kama robo. Hiyo ndiyo nguvu yako ya 2 kwa 5. Mayelini hujijenga upya kwa wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, na nguvu nyingi irudi nayo. Ile sehemu ndogo iliyokufa hurudi polepole, aksoni hukua kama milimita 1 kwa siku, nyingine hufidiwa na majirani wanaochipua ndani ya msuli. Kama 4.2 ingekuwa 0.6, ningekupa jibu lingine kabisa.

Kinachobaki ni kuzuia kubanwa tena: asichuchumae, asikunje nne, alale bila goti kuegemea ubao wa kitanda, akae kwenye kigoda kirefu akichambua viazi. Plastiki ya kushikilia kifundo avae akitembea, na wewe unajua ya kunyoosha kano la kisigino kuliko mimi.

Kakamega_Neuro

Vya kutafuta: sukari ya damu. Uzito kushuka ghafla, maana mafuta yanayokinga neva pale shingoni mwa fibula yakiyeyuka, hata kukunja nne kunatosha. Papasa neva yenyewe nyuma ya shingo ya fibula pande zote mbili. Ikiwa nene kama kamba ya kiatu, kagua ngozi ya mwili mzima kwa mabaka yasiyohisi. Ukoma haujaisha nchini, na peronia ni mojawapo ya neva unazozipenda. Muulize kama amewahi kupata ganzi ya mkono au unyayo ulioanguka siku za nyuma, au kama kuna wa ukoo. Jibu likiwa ndiyo, pimeni pia neva za mkono, mediani kwenye kifundo cha mkono na alna kwenye kiwiko. Ucheleweshaji kwenye sehemu za kubanwa pale ambapo hakuna malalamiko unaelekeza kwenye ugonjwa wa kurithi wa jini la PMP22, ambapo neva hulala kwa shinikizo dogo.

MRI ya mgongo siwezi kuipigania tena. Hata hivyo, kama wiki ya 12 inafika nguvu haijasogea, au kuna maumivu ya goti na uvimbe unaopapasika, apigwe ultrasaundi ya pale shingoni mwa fibula. Kifuko cha majimaji kutoka kwenye kiungo kinaweza kuingia ndani ya neva, na hicho kinatolewa kwa upasuaji.

Elektrodi_Kisumu

Kwa kipimo cha kurudia, wiki ya 8 hadi 12: mguu upashwe moto, tibialisi anteria pande zote mbili, peronia ya juujuu pande zote mbili, sindano kwenye kichwa kifupi cha bisepsi na misuli ya kando ya uti. Mwombe mpimaji asogeze kichochezi sentimita 2 kwa 2 kutoka chini hadi juu ya kichwa cha fibula, na pale wimbi linapoanguka aandike ni sentimita ngapi kutoka kwenye mfupa. Aandike pia mA alizotumia kila kituo. Bila hizo mbili hatuwezi kulinganisha 1.3 ya leo na ya siku hiyo.